Bahari ni ya Wote. Nani Ataitunza?

Ndugu msomaji wa Tumbe, wewe huhitaji kuelezwa maana ya dago. Upepo ukigeuka, wavuvi hupakia nyavu, sufuria na mchele, wakaenda kuvua mbali. Mke hubaki na watoto. Hubaki pia na maswali. Je, huko aendako atapata? Na kwa nini aende mbali, na bahari iko hapa mlangoni?

Wengi husema samaki wa karibu wamepungua. Ukimwacha samaki leo, mwenzako atamvua kesho. Basi hakuna anayemwacha.

Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali ya wote mwisho wake ni kuharibika. Dawa yake ilikuwa mbili tu: serikali iishike, au igawiwe watu binafsi. Wakubwa wengi walimwamini.

Mama mmoja hakuridhika. Jina lake Elinor Ostrom, naye pia ni wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1933, wakati wa shida kubwa ya uchumi, na kwao walilima mboga za kula nyumbani. Alipokuwa mtaalamu hakukaa ofisini tu. Alisafiri mpaka Nepal kutazama mifereji ya wakulima. Mifereji mingi ya mawe na udongo, iliyotunzwa na wakulima wenyewe, iligawa maji vizuri kuliko ile ya saruji iliyojengwa na serikali. Kwa nini? Wakulima walikuwa na kanuni zao, na kila mtu alizijua.

Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alieleza habari za wavuvi wa Alanya, nchini Uturuki. Hao walikuwa kama mia moja, na waligombania mahali pazuri pa kutega nyavu. Katika miaka ya 1970 walianza utaratibu mpya. Kila Septemba waliandika majina ya wavuvi na majina ya mahali pote pa kuvulia, kisha wakapiga kura. Kila siku mvuvi alisogea mahali pamoja upande wa mashariki. Kuanzia Januari walirudi upande wa magharibi. Hivyo kila mmoja alipata siku yake mahali pazuri. Na mlinzi? Hawakuajiri mtu. Ukiingia mahali pa mwenzako siku yake, yeye mwenyewe atakukuta hapo!

Kazi hii ilimpa Mama Ostrom Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata. Fedha zake alizitoa kwa kituo cha utafiti alichokianzisha pamoja na mumewe, Vincent. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, na hata samani za nyumbani walitengeneza kwa mikono yao. Mama alifariki Juni 2012. Mumewe alimfuata baada ya siku 17.

Turudi Pemba. Huko Kisiwa Panza, wanakijiji wamepata kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Sababu yake ni ya kisayansi. Pweza hukua upesi sana, lakini maisha yake ni mafupi, na jike hufa baada ya mayai yake kuanguliwa. Ukimvua mdogo, umekosa uzito na umekosa mayai.

Lakini kufunga mwamba kuna gharama. Mwanamme mwenye chombo atakwenda kwingine. Mama anayetembea mwambani kwa miguu wakati wa bamvua aende wapi? Huyo ndiye wa kwanza kukosa kitoweo. Basi awepo kwenye kikao cha kupanga, asiletewe habari baadaye.

Kuna na mgeni wa dago. Yeye hakuwapo kikaoni. Nani atamwambia kabla hajashusha nyavu? Na wewe, ukipiga dago kwa wenzako, huwa unauliza ni mwamba gani umefungwa?