Kweli au Si Kweli: Msalaba, Bendera na Kadhi

Kaa barazani popote kati ya Mtwapa na Malindi, uguse habari ya kanisa na serikali, utaambiwa Mwingereza alikuja na Biblia mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, basi. Ni kauli tamu, ila imefunika mengi.

Nguzo ya Vasco da Gama, Malindi, ni alama ya dini.

Nusu kweli. Nguzo za aina ile zilibeba msalaba pamoja na nembo ya mfalme wa Ureno, maana Papa aliwakabidhi wafalme hao usimamizi wa kanisa katika nchi walizozifikia. Lakini sultani aliyempokea Da Gama mwaka 1498 hakuvutwa na msalaba. Alikuwa na uhasama na Mombasa, akajipatia mshirika mwenye mizinga. Mwaka 1542 Fransisko Xavier alitua Malindi akielekea Goa, katika msafara wa gavana aliyetumwa na mfalme. Aliandika baadaye kwamba mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia: kati ya misikiti 17 ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa na watu wa kusali. Xavier, kama ungetarajia, hakumfariji.

Wamishenari wa Kiprotestanti waliletwa na serikali ya Uingereza.

Si kweli. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani, na waliomtuma ni CMS, chama cha Waanglikana kilichoendeshwa kwa michango ya waumini. Barua iliyomfungulia njia mwaka 1844 haikutoka kwa Malkia Victoria, ilitoka kwa Sayyid Said wa Unguja, mtawala Mwislamu, akiwataka watu wake wamtendee mema. Miaka miwili baadaye Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo Rabai, ambayo leo iko Kaunti ya Kilifi, kwa ridhaa ya wazee wa huko.

Misheni na serikali lao lilikuwa moja.

Hili ndilo dai ninalolisikia sana, na ndilo linaloniudhi, kwa sababu Rabai yenyewe inalikanusha.

Biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku na mkataba wa 1873, lakini kumiliki mtumwa kulibaki halali. Basi watumwa wa mashamba ya pwani wakawa wanatoroka. Wapo waliojijengea vijiji vyao, kama Fuladoyo, ndani ya Ugiriama, chini ya Mgiriama Mkristo David Koi, ambaye alikamatwa akauawa mwaka 1883. Wengine walikimbilia Rabai, mikononi mwa William Jones. Huyu naye alikuwa amepitia utumwa, akakombolewa, akalelewa India, akarudi pwani na kupewa daraja takatifu mwaka 1885. Mtu kama huyo umwambie amrudishe mtoro kwa bwana wake?

Serikali ya Uingereza ndiyo iliyotaka hivyo. Balozi wake Unguja, John Kirk, alizionya misheni zisiwahifadhi watoro, kwa kuwa aliuthamini utulivu wa sultani kuliko shida ya kasisi. Misheni nazo hazikuwa malaika: kule Frere Town, kituo cha CMS karibu na Mombasa, msimamizi alikuwa na jela na viboko vyake, mpaka ubalozi ukafanya uchunguzi. Kanisa likawa dola ndogo, na dola ikalazimika kulichunguza kanisa.

Mwaka 1888 mambo yaliiva. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yenye hati ya kifalme, ilimtuma George Mackenzie Mombasa. Alikuta wenye watumwa wamepandisha hasira, wako tayari kuzivamia misheni. Hakuuliza nani ana haki mbele ya Mungu. Alifanya hesabu: Rabai na vituo vingine vilikuwa na watoro wapatao 1,400, akakubali kuwalipa mabwana fidia ya dola 25 kwa kila kichwa. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai. Angalia vizuri aliyepata pesa: mwenye mtumwa. Aliyelimishwa bure miaka yote hakupewa hata shamba la kuanzia maisha.

Ugomvi haukuishia hapo. Uingereza ilipotwaa utawala rasmi mwaka 1895, utumwa uliachwa uendelee pwani, na Askofu Alfred Tucker wa CMS alikuwa miongoni mwa walioipigia kelele serikali yao wenyewe. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907, miaka kumi baada ya Unguja.

Ukoloni wa pwani ulikuwa serikali ya Kikristo.

Si kweli. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki kwa jina kuwa mali ya Sultani wa Unguja, na liwali, mudiri na kadhi walilipwa mshahara na utawala wa mwenye taji la Uingereza, huyohuyo ambaye kwao ni mkuu wa kanisa. Huku hakuwa na kanisa la serikali. Kanisa Anglikana la Kenya (ACK) la leo linajichagulia maaskofu wake bila kumwuliza mfalme, ilhali Uingereza maaskofu 26 bado wana viti katika Baraza la Malodi.

Mahakama za Kadhi zilizuliwa na Katiba ya 2010.

Si kweli hata kidogo. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwa barua kwamba ukanda ukiingia Kenya, kadhi abaki. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa waliipinga katiba mpya, kadhi akiwa sababu mojawapo. Katiba ikapita, ikiwa na kifungu cha 8 kinachosema hakuna dini ya serikali, na cha 170 kinachomlinda kadhi. Vinaishi pamoja, japo kwa kukunjiana uso.

Basi serikali haina ruhusa ya kugusa kanisa.

Si kweli. Uhuru wa kuabudu una mipaka ya sheria, na makanisa husajiliwa na serikali. Msitu wa Shakahola, nyuma ya Malindi, ulipofukuliwa mwaka 2023 na kutoa miili zaidi ya 400 ya watu waliodaiwa kuambiwa wafunge kula hadi kufa, watu wa hapa walikuwa na hasira na serikali kwa kuchelewa kugusa. Rais William Ruto akaunda jopo la kupitia sheria zinazosimamia mashirika ya dini, na uenyekiti akampa Mutava Musyimi: mchungaji, na aliyewahi pia kuwa mbunge.