Ngeli Isiyotajwa: Thamani za Chaguo-Msingi katika Haskell

Mwanaisimu anayeandaa kamusi kwa kompyuta hukutana mapema na swali hili: kidahizo ambacho hakijakamilika kijazwe nini? Katika Haskell, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1990 na inayojengwa kwa fanksheni mithili ya zile za hisabati, mtu huanza kwa kutangaza aina ya data. Tuseme aina hiyo ni Nomino, yenye sehemu tatu: umbo, idadi ya mara inazotokea katika matini, na ngeli. Kutokana na tangazo hilo pekee, kompaila, yaani programu inayotafsiri maagizo kwa mashine, huweza kujitungia namna ya kulinganisha nomino mbili au kuzichapisha. Je, haiwezi pia kutunga nomino tupu ya kuanzia?

Inaweza, kwa masharti. Zipo maktaba za ziada zinazoukagua muundo wa aina na kupita sehemu moja baada ya nyingine: umbo hupewa neno lisilo na herufi, idadi hupewa 0. Ikiwa kila sehemu ina thamani yake, kizima nacho kinayo.

Ngeli ndiyo inayokwamisha. Yenyewe si mkusanyiko wa sehemu, bali ni uchaguzi wa mmoja kati ya wengi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyinginezo. Muundo hausemi ipi ichaguliwe. Tukichukua ya kwanza katika orodha, ambayo kwa mazoea ya vitabu vyetu ni A-WA, tutapata “kompyuta ameharibika”. Ilhali msemaji wa Kiswahili ana chaguo-msingi lake: nomino ya mkopo isiyo na uhai aghalabu huingia I-ZI, kama redio, daktari huvutwa na uhai kwenda A-WA, kitabu, kwa silabi yake ya kwanza tu, kikapata vitabu. Msemaji husoma maana na umbo, si nafasi katika orodha.

Hata 0 ina utata wake. Katika kujumlisha haibadilishi kitu. Katika kuzidisha, mwenye sifa hiyo ni 1. Maktaba sanifu ya Haskell ina tabaka la Monoid, ambalo thamani yake tupu hufungwa na sheria. Tabaka la chaguo-msingi haina, na naona ni busara.

Niliwahi kusahihisha kwa mkono orodha iliyojazwa hivyo. Sikuweza kuitofautisha A-WA iliyochaguliwa na mhariri na ile iliyowekwa na mashine, ikabidi nianze upya. Haskell ina aina iitwayo Maybe, inayoruhusu sehemu kubaki bila thamani. Ngeli isiyojulikana na iandikwe hivyo.