Mbunge wa Rubavu ni Nani?

Julai 15, 2024, wapiga kura wa Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, walichagua wabunge, lakini hakuna aliyetoka kituoni na mbunge wa Rubavu. Viti 53 vinavyogombewa kwa kura ya wote hugawiwa orodha za vyama kwa hesabu ya nchi nzima: muungano wa chama tawala, RPF, ulipata 37, vyama vya PL na PSD vitano kila kimoja, na vyama vitatu viwili viwili. Ushindani wa kimkoa, kwa maoni yangu, umebaki kwenye viti 24 vya wanawake. Mkoa wa Magharibi una sita, na wagombea husimama mmoja mmoja. Ila wapigao kura hiyo ni wajumbe wa mabaraza na kamati za wanawake. Mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza ufukweni mwa Ziwa Kivu hamo miongoni mwao. Ng'ambo ya mpaka, kinyume chake, sheria ya Kongo humpa mkazi wa Goma mbunge wa mkoa atokaye mjini mwake.

Watetezi wa orodha hizo za vyama husema majimbo ya uchaguzi yangefufua siasa za ukanda zilizoiumiza Rwanda. Hofu hiyo ina msingi mzito, naiheshimu. Lakini viti vya wanawake tayari ni vya kimkoa, na havijaigawa nchi. Kwa nini basi kura hiyo isipigwe na wananchi wote?