Ukoka Mbele ya Nyumba
Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba juu yake. Udongo huo ukiachwa wazi, mvua huuchukua, na penye jiwe tupu haoti mmea. Basi mwenye kiwanja na apande ukoka, kwa kuwa huvumilia jua, ukame na hata maji ya kisima yenye chumvi kidogo. Mbegu si lazima: mashina yake yatambaayo hukatwa vipande, vikapandwa shubiri kwa shubiri katika udongo uliotiwa samadi iliyooza, masika yaanzapo. Chini ya mwembe ukoka hufifia, maana haupendi kivuli. Tena usikatwe mno hata udongo ukaonekana, kwani kazi yake ni kuufunika.