Wamama watatu wa Millet na mpunga wa Pangi

Mwaka 1857 Mfaransa Jean-François Millet alionyesha Paris mchoro wake "Les Glaneuses". Wamama watatu wanaokota masuke yaliyobaki shambani. Wawili wameinama kabisa, wa tatu nusu. Mbali nyuma yao, mavuno ya tajiri yamerundikana, msimamizi yuko juu ya farasi. Wakubwa wengi walikasirika: maskini wapewe nafasi kubwa hivyo?

Huku kwetu Pangi, mama anavuna mpunga na kisu, suke kwa suke, mtoto mgongoni. Sisi ma-agronome tunaandika kilo kwa hektari, ule mgongo hatuuandiki. Millet aliuandika. Ukifika shamba, kabla ya kupima mavuno, hesabu kwanza anainama mara ngapi.