Kusubu Chambo cha Resini: Hadina Haiongezwi kwa Kukisia

Kila kusi inapovuma na bahari ya Malindi na Watamu ikachafuka hata mashua za kurambaza zikatia nanga, wapenzi wa uvuvi wenye ufundi wa mikono hukaa nyumbani wakasubu vichwa vya chambo bandia, tayari kwa kaskazi itakayowaleta sulisuli, na kila kusi, kutoka Mnarani hata Vitengeni kule bara, mimi huletewa swali lile lile: “Fundi, kichwa changu kimelala siku mbili na bado kinanata, niongeze hadina kiasi gani?” Nimelijibu kwa upole mara nyingi mno, na upole haukufaa kitu, kwa maana muulizaji hataki kujua kilichoharibika, bali anataka idhini ya kulirudia kosa lake kwa kipimo kikubwa zaidi. Jibu langu ni moja: usiongeze hata tone.

Dhana iliyotamalaki ni kwamba hadina, ile dawa inayochanganywa na resini, ndiyo inayogandisha, kwa hiyo ikizidi hadina huzidi ugumu. Dhana hii ni batili, tena ni batili kwa njia mbili, kwa kuwa resini zinazouzwa madukani kwetu ni za jinsi mbili, epoksi na poliesta, na kila moja huharibiwa na hadina ya ziada kwa namna yake.

Katika epoksi, hadina si kichocheo. Ni sehemu ya kitu chenyewe. Chembe za resini hufungamana na chembe za hadina hata zikawa mwili mmoja mgumu, na mtengenezaji amekwisha kukadiria ngapi za upande huu zinatosheleza ngapi za upande ule, ndiyo sababu kibandiko cha mkebe kikaagiza sehemu 2 kwa 1, au 1 kwa 1, au vyovyote kilivyoagiza. Hadina inayozidi hesabu hiyo haina wa kufungamana naye. Hubaki ndani ya kichwa kama wageni waliofika harusini bila mwaliko, hawapati pa kukaa wala hawaondoki, na kichwa kikawa laini chenye kunata, si leo tu bali daima, kwa kuwa hakuna jua wala siku nyingi ziwezazo kuipatia mwenzi chembe isiyo naye.

Poliesta, ile yenye harufu kali ambayo mafundi wa faiba huitumia kutengenezea mashua, ina tabia nyingine. Hapa hadina ni kichocheo kwa hakika, nayo hutiwa haba mno, baina ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini, ili iamshe mwungano ambao ukishaamka hujiendesha wenyewe na kutoa joto. Mwenye kuizidisha hapati ugumu, hupata haraka. Na haraka hiyo, katika kitu kinene kama kichwa cha chambo, huzaa joto lisilo na pa kutokea, hata kichwa kikapasuka kwa ndani, kikageuka manjano, kikanywea ndani ya kalibu, na pengine kikombe cha kuchanganyia kikafuka moshi. Fauka ya hayo, pwani yetu nyuzi 30 za kivulini si ajabu, ilhali maelezo mengi ya mikebe yamekadiriwa kwa nchi za baridi. Basi sisi ndio wa mwisho duniani kuhitaji hadina ya ziada.

Na tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kichwa cha gramu 30 za poliesta, kwa asilimia 1, kinataka gramu 0.3 za hadina, yaani matone machache tu; naye mwenye kukisia hupima kwa kifuniko cha soda, ambacho kikijaa huchukua mililita kadhaa, mara nyingi kupita kinachotakiwa. Asiyesadiki na atie epoksi katika vikombe viwili, kimoja kwa kipimo cha kibandiko, cha pili kwa hadina maradufu, aviache hata kesho yake, kisha avibonyeze kwa ukucha. Huo ndio ushahidi, wala hautegemei cheo cha msemaji. Na asidhani kuwa baharini ila itafichika: kichwa laini hulegea kwenye kijibomba cha katikati kinachopitisha mshipi, kikayumba na kuzunguka ovyo, kikausokota mshipi wote, na kilichopasuka ndani huvunjika siku sulisuli au nguru anapokipiga kwa nguvu zake zote.

Ni nini basi kinacholeta ule unato? Mchanganyiko haukukorogwa ukakwanguliwa kando na chini ya kikombe; au epoksi iliyoagizwa kupimwa kwa uzito imepimwa kwa ujazo, na viwili hivyo havilingani; au uso wa poliesta umeachwa wazi, nayo oksijeni ya hewa huuzuia kukauka; au epoksi imemiminwa katika unyevu wa masika, ikatoa juu yake utando wa mafuta unaotoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Katika sababu hizo nne hakuna hata moja inayotibiwa kwa hadina.

Yaliyosalia ni mepesi. Nunua mizani ndogo kama ya sonara, na bomba la sindano la mililita 1 la kupimia hadina ya poliesta. Kalibu iwe ya silikoni, kavu kabisa. Fanya kazi alfajiri. Mimina kwa tabaka, usijaze kwa mara moja. Uso wa poliesta ufunike kwa karatasi ya plastiki. Kijibomba kikae katikati sawasawa. Pambo liwe karatasi ya fedha, si makome ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizolindwa tangu 1968. Ukitaka uzito, acha risasi, ambayo ni sumu, utie unga mkavu wa barite, lile jiwe la Vitengeni lenye uzito wa karibu mara 4 na nusu ya maji. Epoksi iliyokwisha kuharibika kwa hadina haiponi: ikwangue, uitupe, uanze upya.

Na kwa kuwa kazi hii hufanywa majumbani, jihadhari: hadina ya poliesta ikiruka jichoni huweza kupofusha. Vaa miwani, na ikikupata, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kungoja. Usiichanganye kamwe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, kile kinachotiwa katika poliesta kuharakisha mwungano, kwani hulipuka. Epoksi isikuguse ngozi, maana mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha. Na anayekunywa maziwa kujikinga na mvuke wa resini ajue kwamba maziwa hayaondoi mvuke uliokwisha kuingia mapafuni. Fungua madirisha, au toka nje kabisa. Vikombe na vijiko vya kazi hii visirudi jikoni, hata vikioshwa vikang’aa, na mkebe wa hadina uwekwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.