BETRI YA MOYO KWA WAZEE WA UMRI MKUBWA

Wananchi, na hasa wenye wazee majumbani, wanaarifiwa kwamba mzee kuanguka ghafla, kupoteza fahamu kwa muda mfupi au kupatwa na kizunguzungu cha mara kwa mara si lazima kuwe ni uzee tu. Huenda chanzo kikawa ni hitilafu ya umeme wa moyo.

Katika moyo wenye afya, mpigo huanzia chumba cha juu upande wa kulia, ukateremka kwa njia maalumu hadi vyumba vya chini. Kwa umri, njia hiyo huweza kuchakaa. Hapo vyumba vya juu huendelea kupiga kama kawaida lakini amri haifiki chini, na mapigo hushuka hata kufikia 30 au 40 kwa dakika. Hali hiyo ikiwa ya kudumu, haina dawa ya kumeza ya kutegemewa. Tiba yake ni betri.

Betri ya kwanza ya kuwekwa mwilini ilipandikizwa na Daktari Åke Senning huko Stockholm, Sweden, tarehe 8 Oktoba, 1958. Ilidumu kwa saa chache tu. Hata hivyo mgonjwa mwenyewe, Arne Larsson, alibadilishiwa betri zaidi ya 20 na akaishi hadi mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Siku hizi betri hutiwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, kwa ganzi ya mahali hapo, na waya wake hupitishwa ndani ya mshipa mpaka moyoni. Waya mmoja ukiwekwa chumba cha chini, moyo hupiga, ila vyumba vya juu na vya chini havipatani. Nyaya mbili hurejesha mpango wa maumbile, na kwa fikra za kawaida zingedhaniwa kuwa bora kwa kila mtu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 2,021 wa miaka 70 na zaidi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2005, haukuthibitisha hivyo. Vifo vilikaribiana sana katika makundi yote mawili, ilhali matatizo yatokanayo na upasuaji yalikuwa asilimia 7.8 kwa nyaya mbili na 3.5 kwa waya mmoja.

Basi jamaa wasidhani kuwa mzee dhaifu wa miaka 90 aliyewekewa waya mmoja amepunjwa. Kwa mzee mwenye nguvu zake, nyaya mbili huweza kumwepusha na uchovu na kizunguzungu ambavyo waya mmoja huwaletea baadhi ya watu. Umri peke yake hauwi sababu ya kumnyima mtu betri.

Katika Jamhuri ya Muungano, kazi hii hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Aliyekwisha wekewa betri anatakiwa achukue kadi yake kila aendako, ahudhurie vipimo kwa tarehe alizopangiwa, na asiweke simu ya mkononi katika mfuko wa kifuani upande wenye betri.